Barua kwa mwanangu: nimeona mahali maji ya Nzoia inatoka

Mwanangu,

Pokea salamu kutoka hapa Kisumu. Babako anakusalimu, na dadako anauliza utamtumia lini ile kitu mliongea, sijui ni nini lakini amesema utajua. Tulirudi jana usiku kutoka Mlima Elgon na magoti bado yananiuma, lakini nimeona nisipokuandikia leo sitaandika tena, manake kuna maneno ya kukwambia nimekaa nayo tangu ukiwa na miaka kumi.

Pole vile ulikosa kuja. Najua huko Nakuru Krismasi ndio kazi inazidi.

Safari ilikuwa wazo la shangazi yako, ana rafiki yake ameolewa kule juu ya Kapsokwony na huyo mama amekuwa akituita kila mwaka. Tulitoka saa kumi na moja asubuhi na matatu ya Kakamega, alafu Webuye, alafu Kamukuywa mpaka Kimilili, na pale Kimilili tukaingia probox tukabanana hadi juu. Sasa kabla ufike Webuye kuna daraja la mto Nzoia. Nilikuwa nimekaa dirishani nikachungulia, na maji ilikuwa vile tu naijua, rangi ya chai ya maziwa, nzito, inaenda polepole kama haina haraka na mtu. Nikageuza uso. Dadako akaniuliza mum kwani ni nini, nikamwambia gari inanichafua roho. Nilimdanganya.

Wewe unajua tu kwamba kwetu ni Bunyala, kule Budalangi, na kwamba huo mto ulitusumbua, watu wote wa huko husema hivyo. Lakini sijawahi kukaa chini nikwambie. Mwaka wa 1997, ile El Nino, nilikuwa darasa la saba. Siku Nzoia ilipasua kingo upande wetu hata mvua haikuwa inanyesha, jua liliwaka mpaka kukhu wako, yaani nyanyako, alikuwa ameanika mtama. Hiyo ndio kitu mtu wa mbali haelewi. Mvua inanyesha huko milimani Elgon na Cherangani, wewe huioni, umeketi kwako kukavu, na baada ya siku chache maji inakufikia mlangoni, kwa sababu kwetu ni tambarare mpaka ziwani na mto ukishajaa unatoka tu nje unatembea kwa mashamba. Tulilala juu ya tuta la mto wiki nyingi chini ya karatasi ya nailoni. Mbuzi zikaenda. Na kuna msichana wa jirani, rika langu, tulikuwa tunachota maji pamoja kila jioni, naye akaenda. Hata babako sijawahi kumsimulia hiyo vizuri. Wazee walikuwa wanasema ni mvua ya Elgon, kwa hivyo mimi nilikua nikiuchukia huo mlima na sikuwa nimewahi kuukanyaga mpaka safari hii.

Sasa rudi ile siku, ukiwa na miaka kumi, mlienda kuogelea na watoto wa shangazi. Mimi nilifika pale mtoni nikakuta nguo zako kwa nyasi, kaptula, tisheti, na sapatu moja, na wewe hauko. Nikaita. Hukuitika, kumbe mlikuwa mmepiga kona huko chini mnacheza. Hizo dakika sitaki hata kuziandika. Niliposikia sauti yako nikabeba nguo zote nikaenda nazo, ukarudi umejifunga jani la mgomba watu wakikutazama, na bado nikakuchapa. Nilikuchapa kupita makosa yako. Nilikuwa nauchapa ule mto, mwanangu, lakini mgongo ulikuwa wako. Nisamehe.

Haya, sasa nikwambie vile nimeona.

Asubuhi ya pili yule mama akatupeleka kwa kijito kinachoshuka kuingia Mto Kuywa. Unateremka kwa miti mikubwa, kuna baridi ya kuvaa sweta saa nne mchana, na mbega wako huko juu na yale manyoya meupe yananing'inia kama shuka. Maji unaisikia kabla hujaiona. Nilidhani ni upepo. Alafu miti ikaachana na nikaona maji inaruka kwa mawe, na mwanangu, ilikuwa safi mpaka nilisimama. Safi kabisa. Sijui nilikuwa nimetarajia nini, nadhani akilini mwangu mto wowote ni kahawia.

Nilivua viatu. Ile baridi haiingii kwa ngozi, inaenda moja kwa moja kwa mfupa, hesabu mpaka kumi na vidole vinauma, alafu vinaacha kuuma na unasikia mwili mzima umeamka. Nikaangalia chini nikaona kucha zangu zote kumi, na ile kovu ya jembe kwa mguu wa kushoto, chini ya maji. Nzoia ya kwetu ukitia mkono hadi kiwiko huoni vidole. Dadako akainua jiwe, chini yake kukatoka kaa mdogo kama kifungo cha koti, akakimbia kando kando akajificha kwa jiwe lingine, basi tukashinda kutafuta kaa kama watoto, mimi na shangazi yako watu wazima na leso zimelowa.

Kulikuwa na mzee anachunga ng'ombe, akaja akakaa na sisi. Alitufunza vitu vya maana na nataka uvishike. Jiwe lenye utelezi wa kijani usilikanyage, kanyaga lile lililo kavu au lile lenye mchanga. Usiinywe hiyo maji hata kama inaonekana safi, ng'ombe wako juu. Na kubwa kuliko zote, kila saa tazama maji yenyewe, ukiona imeanza kubadilika rangi au inaleta majani na vijiti mingi, toka, usingoje, hata kama hapo ulipo ni jua, kwa sababu mvua imenyesha mahali huoni. Nilipomsikia hivyo nilishikwa na machozi. Hiyo ndio kitu nimejua tangu 1997, na huyu mzee wa mlimani anaijua vilevile kutoka mwanzo wa mto.

Nikamwuliza sasa hii maji inachafukia wapi. Akanionyesha kwa fimbo huko chini ambako miti imeisha na mashamba yameanza, akasema pale, ikishaacha miti inabeba udongo wa watu. Kutoka hapo ni Kuywa, alafu Nzoia, mto ule ule niliougeuzia uso pale darajani, ipite karibu na Mumias, Rwambwa, mpaka nyumbani kwetu na ziwani. Kumbe kile nilichokuwa naogopa ni hiki hiki, ila kimetembea mbali. Nilikaa kwa jiwe muda mrefu. Yule mama alituletea maziwa lala ya kibuyu na viazi vya kuchemsha, tukala hapo hapo, na sauti ya maji ikatunyamazisha wote, hata shangazi yako unayemjua.

Kitum hatukuenda, ile pango ya ndovu wanaokwaruza ukuta kutafuta chumvi, iko upande wa park na muda haukutosha. Tutaiwekea siku yake.

Lakini kijitoni nataka turudi na wewe. Jaribu uombe siku tatu Februari, kabla mvua ya Machi haijaanza, nimeshaongea na yule mama na amekubali. Nauli ya kutoka Kimilili kwenda juu nitalipa mimi. Lete kaptula na taulo, na sweta usisahau. Kuna mahali maji imetulia kidogo chini ya jiwe kubwa, kina chake ni cha kiunoni, nilipima na fimbo ya yule mzee mara mbili. Utaingia uogelee vile unataka. Mimi nitakaa pale juu ya jiwe nikikutazama, na nguo zako nitakushikia mpaka utoke.

Mamako