Kopo la watoto lisiguswe

Kigoma, Jumapili usiku

Mama Mapacha wangu,

Tumsifu Yesu Kristo! Hamjambo huko Tabora? Sisi wazima, mvua zimeanza, mawese yameshuka bei kidogo. Najua siku hizi tumebaki kusalimiana kwa simu tu, lakini hili la leo siliwezi kwa simu, salio litakatika kabla sijafika katikati.

Ni habari ya kopo la Utoto Mtakatifu, lile la sadaka ambazo watoto wetu wa kanisa wanawatolea watoto wenzao wa dunia. Baada ya misa ya pili kulikuwa na kikao. Mjumbe mmoja wa kamati ya fedha, simtaji, akasimama akasema uzio wa kanisa umekwama, kwa hiyo michango yote midogo midogo iunganishwe humo, "hata ile ya watoto". Watu wakaitikia. Nikanyoosha mkono, nikaambiwa muda umekwisha, tutamalizia kikao kijacho. Nimerudi nyumbani, chakula hakipiti.

Sisemi uzio hauna maana. Mbuzi wamemaliza bustani ya Sista, na mchicha wake ule unaujua. Lakini uzio ni wa sisi watu wazima. Tuchangishane kwenye jumuiya kama tulivyofanya kwa mabati.

Unamkumbuka yule mtoto wa mama wa dagaa pale Kibirizi, aliyekuwa anafanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto? Wiki iliyopita alikuja na shilingi mia ameifunga kwenye kitambaa, fundo juu ya fundo, inanuka dagaa. Vidole vikashindwa, akafungua kwa meno. Kabla ya kuidumbukiza akaniuliza, "Mlezi, hii inakwenda kwa nani?" Nikamwambia inakwenda kwa mtoto tusiyemjua, pengine hana shule, pengine anaumwa. Akaishika kwanza, akauliza, "Na wale wa kambi ya wakimbizi Nyarugusu wamo?" Nikamwambia kwenye sala zetu wamo wote. Ndipo akaitia. Sasa nimwambie tulinunulia saruji?

Wewe ndiye uliyetufundisha habari za Askofu Forbin-Janson wa Nancy, kule Ufaransa. Mwaka 1843 alikuwa anahangaikia watoto wa China, akawaendea watoto wenzao: Salamu Maria moja kila siku, sarafu moja ndogo kila mwezi. Basi, hayo tu. Papa Pius XI akalifanya shirika la Kipapa mwaka 1922, na mpaka leo sadaka za watoto zinapitia jimboni, zinaingia mfuko mmoja, zinagawiwa shule, vituo vya yatima, matibabu, mafundisho ya dini, na Afrika nayo inapokea. Mjumbe wetu anasema vielfu vyetu Roma havionekani. Tangu mwanzo mtoto hakuombwa nyingi. Aliombwa kidogo anachokiweza, akitoe mwenyewe, kwa ajili ya mwenzake. Ukiiondoa hiyo, Utoto Mtakatifu unabaki skafu na nyimbo.

Na hili nalo lilinijia nikiwa njiani. Kardinali Rugambwa, Askofu Mkuu wenu hapo, si ndiye alikuwa askofu wetu Kigoma kuanzia 2008? Na mwaka 2012 alipoitwa Roma alipewa urais wa Mashirika ya Kipapa ya Kimisionari, na Utoto Mtakatifu ni mojawapo. Yaani mtu aliyewahi kusimamia kazi hii kwa dunia nzima ametoka hapa hapa ziwani, halafu sisi ndio tulipasue kopo! Hilo nitalisema kikaoni hata wakininyima kiti.

Ila peke yangu sitoshi. Walezi tumebaki wachache, yule kijana wa ngoma kaenda Dar, Bibi wa Katubuka magoti yanamsumbua. Watoto nao wakishapata kipaimara tunawapoteza, kwa VIWAWA, chama cha vijana, bado wadogo, kwetu wanajiona wakubwa. Hilo nalo lina maneno mengi, tutaliongea siku nyingine, leo nina kopo tu kichwani.

Ninachokuomba: waandikie Halmashauri Walei, viongozi wetu wa parokia. Wewe ndiye uliyekianzisha kikundi, maneno yako wanayasikiliza, hata yule mjumbe ulimfundishia watoto wake. Waeleze hela ile ina mwenyewe, na kwamba watoto waliambiwa inakokwenda. Ukurasa mmoja unatosha, mpe mtu yeyote anayekuja na treni. Na kama utaweza kuja mwenyewe kwa sikukuu ya Watoto Mashahidi, Desemba 28, hapo nitalala usingizi.

Daftari la stakabadhi za jimbo uliondoka nalo, au liko kwa Katekista? Anasema hajaliona. Huko parokiani kwenu kopo linakaa kwa nani, na nani anahesabu? Watoto wanaonyeshwa hesabu? Mkishapeleka jimboni mnawasomea watoto stakabadhi kanisani, au inaishia ofisini? Na mapacha wamejiunga? Baba yao amekubali, au bado anasema Jumapili ni ya kufua? Migebuka mikavu nimekuwekea, nimtumie nani? Asali usisahau.

Nijibu upesi, kikao ni mwisho wa mwezi.

Mlezi mwenzako,
Mama wa Gungu