Hipsi kwanza, kifua baadaye: soma kabla hujaniagiza sweta refu

Kila ikikaribia mwezi wa sita simu yangu inajaa meseji za aina moja, "dada nataka lile sweta refu la kuvaa na skini, saizi L". Sa mi hapo nakwama, maana nafuma kwa mkono hapa hapa Njombe na hiyo L sina. Nina uzi, sindano na tepu, namba unanipa wewe.

Na namba ambayo wengi hawanipi ni ya hipsi. Wanapima kifua basi, kwa vile sweta la kawaida linaishia kiunoni. Hili linashuka mpaka katikati ya paja kwahiyo lazima lipite kwenye makalio, na kwa wengi wetu kifua na makalio ni watu wawili tofauti kabisa. Mwaka juzi nilimfumia mama mmoja kwa kipimo cha kifua peke yake, kosa langu, sikuuliza. Akanitumia video anatembea, kila hatua sweta linapanda, akifika mlangoni limeshajikusanya kiunoni kama ngata. Nikafumua nusu nzima ya chini. Jamani kufumua kunauma kuliko kufuma!

Hesabu yenyewe iko hivi: tuseme kifua 38, hipsi 44, tofauti inchi 6. Kwa uzi wangu na sindano ya milimita 4 inchi moja inakula mishono 5, kwahiyo naongeza mishono 30, ila siiweki yote pembeni kwa mpigo maana sweta litatoa masikio, naigawa kidogo kidogo kuanzia chini ya matiti nikishuka. Hafu juu ya hapo naongeza inchi 3 za kupumua, na pembeni naacha mpasuo, siku ukipanda bodaboda utanishukuru. Kwahiyo usinipunguzie inchi mbili kwa aibu, me sisomi kilo zako, nasoma tepu.

Wenye kifua kikubwa shida yenu ni nyingine. Sweta likifumwa sawa mbele na nyuma, kifua kinavuta nguo juu, unajikuta mbele fupi nyuma ndefu, kutwa unavuta pindo. Dawa yake siyo kuongeza saizi, ukiongeza mabega yanaanguka. Mi naongeza mistari mifupi kifuani tu, nafuma naenda narudi bila kufika pembeni, inatokea kama kamfuko kadogo kasikoonekana na pindo linakaa sawa. Shingo ya V nayo inawapendeza sana.

Mwenye kitambi asiniombe ule ukingo wa mistari unaobana kama wa sweta la shule. Ukiuweka chini unabana mapaja, juu yake kunavimba, kitambi ulichotaka kukificha ndo kinatangulia mlangoni. Acha pindo lianguke lenyewe. Wembamba nyie nawawekea misuko minene inayoshuka wima kama twende kilioni, inajaza mwili, sema inakula uzi na inavuta sweta ndani kwahiyo bei inapanda kidogo. Na wafupi, pindo lisiishie pale palipo pana zaidi, jicho la mtu linatua hapo hapo, tupandishe au tushushe inchi mbili tu utaona.

Kuna na uzi. Pamba ni nzito, sweta refu la pamba linajivuta kwa uzito wake mwenyewe, mwezi wa kwanza wa kulivaa liko katikati ya paja, wa tatu magotini. Akriliki ni nyepesi, sufu ndo inarudi vizuri ikivutika. Ila yoyote ile, ukifua usianike kwenye kamba wala henga, likamulie ndani ya taulo ulilaze juu ya kitu kisafi likauke.

Kujipima: simama miguu pamoja, umevaa nguo utakayovalia ndani, zungusha tepu pale makalio yamejaa zaidi, usibane. Kisha kifua, kisha toka begani mpaka unapotaka pindo liishie. Kama una topu inayokukaa vizuri itandaze kitandani, weka tepu juu yake, piga picha unitumie WhatsApp, hiyo inanisaidia kuliko picha ya modo wa Instagram. Sweta moja ni wiki tatu, wa mwezi wa saba leteni namba sasa hivi.