Bando nimelinunua, mbona linakufa kabla sijalitumia?

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyeandika kwamba kulipia intaneti kwa kipimo ndio haki, anayetumia kidogo alipe kidogo na anayetumia sana alipe sana. Hapo mimi sina ugomvi nae kabisa. Sisi wa Busia ya Uganda tumezoea kupimiwa, sukari tunanunua robo, mkaa tunanunua kwa kopo, hata umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, kila mtu anaweka yuniti anazoziweza. Lakini yuniti za Yaka ukienda kijijini kwenye matanga wiki mbili ukirudi unazikuta palepale kwenye mita. Sasa aniambie ni lini bando lake lilimngoja hivyo.

Mimi nina kibanda cha kuprinti na kujazia watu fomu karibu na mpaka. Juzi juzi niliweka bando la wiki siku ya Jumatatu nikijua kuna kazi za watu nyingi, Jumanne umeme ukakatika ukarudi Alhamisi jioni, Ijumaa mvua ikanyesha mpaka netiwaki ikawa inakuja inapotea, basi hiyo Jumatatu nyingine inafika MB bado zipo zaidi ya nusu na niko katikati ya kumwombea TIN, namba ya mlipakodi, mama mmoja aliyetoka Lumino kwa boda, ikaingia meseji kwamba bando limeisha muda wake. Halijaisha, limeisha muda! Na airtime ya shilingi 2,000 niliyokuwa nayo kwenye simu ikaliwa kabla sijazima data. Nikapiga huduma kwa wateja, dada wa watu akaniambia vizuri tu eti ningeweka bando lingine kabla lile halijaisha, zile zilizobaki zingesogea mbele. Banange, yaani ili nisipoteze nilicholipia lazima nilipe tena? Yule mama ilibidi arudi kesho yake, nauli mara mbili.

Kwahiyo ndugu yangu hapa hatulipii matumizi peke yake, tunalipia matumizi na masaa kwa pamoja, na chochote kitakachotangulia kuisha ndicho kinachotukata. Hicho sio kipimo.

Najua watetezi wa makampuni watasema mitambo inabeba watu wengi kwa pamoja ndio maana lazima kuwe na muda. Hiyo sababu naifikiria sana na siioni. Netiwaki inalemewa saa mbili saa tatu usiku watu wote wako nyumbani, MB yangu niliyoibakisha leo nikiitumia kesho saa nne asubuhi itamlemea nani? Na muda wenyewe ndio unafanya watu waharibu, mtu akiona imebaki nusu saa bando la siku likatike anafungua video yoyote tu ili zisipotee bure. Bado sijasema serikali. Tangu Julai 2021 kuna ushuru wa 12% kwenye data, uliokuja badala ya ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, na VAT ya 18% nayo ipo. Ina maana zile MB zangu zilizokufa nazo nimezilipia ushuru na VAT, kitu ambacho sikukitumia!

Kuna atakayesema mabando yasiyoisha muda yapo. Ni kweli yapo, lakini kwa hela ileile unapata MB chache kuliko za bando la siku, na anayenunua la siku ni nani kama sio boda na muuza nyanya ambao hela yao inapatikana leo kwa leo? Hao ndio wanaokatwa kila siku.

Wenzetu walishaliona hili. Afrika Kusini watu walipiga kelele kuanzia 2016 kwamba bei ya data ishuke, na mwaka 2019 tume yao ya mawasiliano ikayaambia makampuni yampe mteja njia ya kusogeza MB zilizobaki, ya kumhamishia mtu mwingine kwenye netiwaki hiyohiyo, yamtumie taarifa bando likifika nusu na likifika 80%, na bando likiisha yasianze kula airtime mpaka mwenyewe akubali. Na Kanada mwaka 2011 tume yao ilikuwa imeshapitisha makampuni makubwa yawatoze watoa huduma wadogo kwa kila giga wateja wao wanayotumia, watu kwa mamia ya maelfu wakasaini kupinga, serikali ikaingilia na mwaka huohuo kabla haujaisha mpango ukabadilishwa. Hapa kwetu pia OTT ilipigiwa kelele miaka mitatu mpaka ikaondoka, ingawa kilichokuja baadae nacho kinauma.

Ninachoiomba UCC, tume yetu ya mawasiliano, ni vitu viwili. MB zilizobaki zisogee zenyewe kwenye bando litakalofuata, hata kama nimelinunua baada ya wiki mbili, bila mimi kulazimika kuwahi. Na airtime isiguswe bando likikatika mpaka nibonyeze kukubali. Yale mabando ya bila kikomo ambayo ukishatumia kidogo spidi inashuka mpaka WhatsApp inagoma kutuma picha, nitayaandikia siku nyingine maana nayo yana yake.

Mwenye kibanda,
Busia, Uganda