Zana za mradi wetu: someni kabla ya kupiga kura

Habari zenu wapendwa. Naona mjadala wa zana umepamba moto, na wengi mnataka tuanze na React, maktaba ya JavaScript inayojenga kurasa ndani ya kivinjari, kwa kuwa ndiyo inayovuma. Naomba tutazame kwanza kazi yenyewe. Programu yetu ni fomu, orodha na ripoti, na watumiaji wengi watakuwa kwenye simu zenye intaneti ya kusuasua. Kurasa zikitengenezwa kwenye seva, kivinjari hakilazimiki kupakua mzigo wa JavaScript (msimbo unaoendeshwa na kivinjari chenyewe) ndipo kionyeshe chochote.

Ndiyo maana naegemea Django, mfumo wa lugha ya Python wa kujenga tovuti upande wa seva. Ipo tangu 2005, nyaraka zake zinasomeka vizuri mno, na inakuja na mfumo wa kuingia kwa nywila, ukurasa wa msimamizi na kinga dhidi ya upenyezaji wa amri za SQL (lugha ya kuzungumza na hifadhidata). Hayo tukiyaandika wenyewe tutakesha. Laravel, mfumo wa aina hiyo hiyo kwa lugha ya PHP, nayo ni nzuri sana kwa wanaojua PHP, lakini wengi wetu tunaandika Python, na kwangu hilo lina uzito kuliko kasi yoyote inayotangazwa.

Hifadhidata: PostgreSQL. Hapo sidhani kuna ubishi.

React tutaiongeza baadaye, kwenye kurasa zinazoihitaji tu. Mwenye hoja tofauti aiandike hapa kabla ya Ijumaa jioni, tafadhali.