Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: ramani ya matetemeko isipokelewe bila orodha yake

Mheshimiwa Waziri,

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa takriban 6.0, kitovu chake kikiwa baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, liliwatoa watu maghorofani mbio. Mshauri atakayekuletea ramani ya hatari atakupa namba moja: mtikisiko wenye uwezekano wa asilimia 10 kuzidiwa ndani ya miaka 50, yaani wa kila miaka 475 kwa wastani. Kabla ya kuidhinisha namba hiyo, dai orodha ya matetemeko iliyoizaa.

Orodha hizo ni mchanganyiko. Tetemeko la Rukwa la 1910, takriban 7.4, lilikadiriwa kwa mawimbi ya juu ya ardhi. La Kagera la 2016, lenye 5.9, kwa momenti, yaani kwa eneo la mwamba lililopasuka na umbali ulioteleza. Yote yageuzwe kwanza kuwa kipimo kimoja. Mitetemo inayotokana na tetemeko kuu iondolewe, maana mfululizo kama ule wa mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, wa 2007 ukihesabiwa tukio kwa tukio huvuruga hesabu ya eneo zima. Baruti za machimbo nazo zitolewe. Kuzitambua si kazi: panga matukio kwa saa, yakirundikana mchana wa siku za kazi, hiyo si ardhi.

Panapoharibika zaidi ni ukamilifu. Vituo vilipokuwa vichache, tetemeko la ukubwa wa 4 lilipita bila kuandikwa, kwa hiyo kila ukubwa una mwaka wake wa kuanzia kuhesabiwa. Ukipuuza hilo, thamani b, inayoonyesha jinsi matetemeko yanavyopungua kadiri ukubwa unavyopanda, hushuka, na makubwa huonekana mengi kuliko yalivyo. Baruti huipandisha.

Tofauti si ndogo. Kwa idadi ileile ya matetemeko ya 4 na kuendelea, b ya 0.9 hutabiri matetemeko ya 6.5 na zaidi mara tatu ya b ya 1.1. Na kwa matukio 50 tu, b ya 1.0 ina kosa la takriban 0.14 juu na chini. Tofauti hiyo yote imo humo! Hata kusahau nusu ya hatua ya ukadiriaji (ukubwa ukiandikwa kwa hatua za 0.1, nusu ni 0.05) huigeuza: wastani wa ukubwa wa matukio ukiwa 4.43 na kiwango cha chini kinachohesabiwa 4.0, b sahihi ni 0.90, ya uzembe ni 1.01.

Ripoti isiyoonyesha kosa la b, miaka ya ukamilifu na matukio yaliyoondolewa irudishwe kabla ya malipo ya awamu ya mwisho.

Wataalamu wa mitetemo ya ardhi,
Dar es Salaam