Kabla Shabani hajakupigia

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanahawa,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima. Mvua imetupiga siku mbili mfululizo, paa la jikoni limevuja palepale, na yule bwana wa mabati bado anasema "kesho, Inshallah" kwa sauti ya mtu asiye na nia. Najua nimekaa kimya tangu Idd. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu nisiujibu. Si kiburi, nilikuwa na jambo la Shabani kifuani, nikaogopa kwamba nikianza tu kukusalimu litanitoka ovyo. Sasa naliandika. Tafadhali usinipige simu ukiwa mstari wa pili. Soma mpaka mwisho kwanza.

Nimemshuku mdogo wako wizi. Na nimemshuku mbele za watu.

Neno lenyewe sikulitamka. Lakini mtu akiulizwa pale kaunta ya mgahawa wetu, Mama Chanja amesimama na upawa mkononi, wateja wawili wanasubiri chenji, "Shabani, hizi sahani kumi na moja kila siku zinakwenda wapi?", unadhani amesikia nini?

Ngoja nianzie nyuma kidogo, maana bila hilo utaniona mwendawazimu.

Zuhura alikuja likizo. Akanikuta na lile kopo la biskuti limejaa risiti, na ripoti za jioni za ile mashine ya risiti, EFD, nimezichomeka kwenye msumari ukutani kama mishikaki. Akauliza, "Mama, hizi unazifanyia nini?" Nikamwambia nazitunza, watu wa kodi wa TRA wakija nawaonyesha. Akacheka mpaka akakaa chini. Mashine yetu unaijua, tunabonyeza "chakula" tu kwa kila kitu, kwa hiyo jioni inakwambia shilingi ngapi zimeingia lakini haikwambii kama ni za chai au za samaki. Basi akanichorea daftari: kila chakula na mstari wake, na safu tatu za asubuhi, mchana na jioni. Sahani ikitoka, Shabani anapiga kijistari. Usiku Zuhura anayaingiza kwenye kompyuta yake, nami najidai kuangalia huku nasinzia.

Wiki ya pili akaniletea mambo ya chuoni. Kuna maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan State kule Marekani, Kasavana na Smith, tangu 1982 walipanga vyakula vya mgahawa katika mafungu manne. Kinachouzika sana na kukuachia faida nzuri ni nyota. Kinachouzika sana na kukuachia kidogo ni farasi wa plau. Chenye faida lakini watu hawakiagizi ni fumbo. Kisichouzika wala kisicho na faida, shoga, ni mbwa. Nikamwambia kwa hapa Ngamiani farasi wa plau mwite punda tu, watu wataelewa.

Na faida hawaihesabu kwa asilimia, hapo ndipo waliponishika. Mimi miaka yote nikijisifu kwa chai ya rangi: nauza 500, vitu vyake vinakula 120, zinabaki 380, karibu robo tatu yote yangu. Samaki wa kupaka nilikuwa nikimwona mzigo: namuuza 8,000, anakula 4,500. Lakini hapo zinabaki 3,500! Ili chai inipe pesa hiyo inabidi nimimine vikombe kumi, nioshe vikombe kumi, na wazee kumi wakae saa nzima wakijadili mpira. Mwenye nyumba hapokei asilimia.

Mezani tuna vyakula kumi, kwa hiyo kwa hesabu ya sawasawa kila kimoja kingebeba 10 katika kila sahani 100. Hao maprofesa wanasema kikishuka chini ya 7, hicho hakiuziki. Sasa jikaze: mseto wako wa choroko umepata 2. Faida yake nayo nyembamba, maana choroko zimepanda. Mseto wako ni mbwa, Mwanahawa. Zuhura anataka niutoe.

Sijautoa. Nitakwambia kwa nini huko mbele, nikikumbuka.

Turudi kwa wali, maana ndiko moto ulikowakia. Unakumbuka tulipofungua ulivyohesabu mwenyewe, unaweka punje ya choroko mezani kwa kila sahani inayotoka? Kilo 10 za mchele, sahani 55. Hesabu hiyo nimeishi nayo kama sala. Daftari la Zuhura likaleta 44. Siku ya pili 44. Siku ya tatu 45, ya nne 44. Nikanunua mchele mwingine kwa mtu mwingine, 44. Nikapiga hesabu usiku: sahani 11, hata tukisema zote ni wali maharage kwa 2,500, ni 27,500 kwa siku. Siku 26 za kazi ni 715,000. Usingizi ukaniruka. Na nani anakaa kaunta? Na nani alinunua simu mpya mwezi uliopita?

Unaona akili inavyokwenda. Daftari halikuandika jina la mtu. Jina nimeliandika mimi.

Asubuhi yake, badala ya kumwita pembeni kama mtu mwenye adabu, nikamuuliza palepale. Hakujibu. Alifunga droo, akaning'iniza ufunguo kwenye kile kimsumari chake, akawamalizia wale wateja wawili chenji yao, akatoka. Kesho yake saa kumi na mbili alikuwa mlangoni kama kawaida. Ila tangu siku ile hali chakula cha pale. Anakuja na maandazi yake kwenye mfuko.

Siku nne baadaye Mama Chanja aliuguliwa na mjukuu, nikapakua mimi. Sahani ya kwanza nikafinyanga wali, nikageuza bakuli, nikaona wali umegusa ule mstari wa bluu ukingoni mwa sahani. Nikamwaga maharage, yakateremka mpaka kwenye sinia. Nikajua kuna kitu. Zamani wali wetu ulikaa katikati na maharage yakapata kikao chake. Nikalitazama bakuli. Ni jeupe. Letu lilikuwa la kijani!

La kijani nimelikuta uani, lina ufa toka juu mpaka chini, Mama Chanja kalifanya la kuchotea sabuni ya unga. Lilipasuka Ramadhani, akaenda soko la Mgandini akanunua "lilelile." Maji lisingeshika, kwa hiyo nikalikung'uta vizuri nikapima kwa mchele mkavu. Bakuli tano za kijani zikaingia kwenye nne za jeupe, zikalingana juu kama nimekata kwa kisu. Nikakaa kwenye gunia. Kilo 10, bakuli dogo sahani 55, bakuli kubwa sahani 44. Hakuna aliyeiba hata punje. Wateja wangu wamekula sahani zangu 11 kila siku, kwa nia safi, na hakuna hata mmoja aliyesema asante.

Nilimwomba radhi siku hiyohiyo, na safari hii mbele ya walewale, Mama Chanja akiwamo. Akasema, "Hakuna neno, dada." Wewe umemlea, unajua "hakuna neno" ya Shabani ina vyumba vingapi ndani. Maandazi bado anakuja nayo.

Na uchungu zaidi ni huu. Yeye alikwisha niambia. Tangu kabla ya daftari alikuwa akisema, "Dada, siku hizi wali unaisha mapema, wale vijana wa bodaboda wanageuza wanakwenda ng'ambo." Nikamjibu kwamba kuisha mapema ni neema. Daftari lilipoanza nikamwambia tena, tazama, hawamo humu hao watu wako. Watakuwamoje? Daftari linaandika aliyekula. Aliyeambiwa "umeisha" akaondoka na njaa yake hana mstari.

Chapati ndiyo ilinifungua macho kabisa. Nilikuwa najivuna kwamba nauza chapati 80 kila siku, wiki tatu, hazipungui hazizidi. Nikasema wateja wangu waaminifu. Shabani akanitazama, akasema kwa upole ule unaouma, "Dada, ni 80 kwa sababu tunapika 80." Jumanne tukapika 110, zikauzwa 104, zilizobaki tukala na chai. Miezi mingapi hiyo nimekuwa nikipima sinia langu nikidhani napima watu?

Sasa tumeongeza ukurasa nyuma ya daftari. Kila tukimwambia mtu "kimeisha", Shabani anapiga mstari mwekundu. Alhamisi wali peke yake ulipata mistari 19 baada ya saa nane. Kumi na tisa, shoga, na mimi nasema ni neema.

Zuhura kanionya nisije nikapanda wazimu mwingine, nikalinganisha Jumatatu na Ijumaa ya pilau, au wiki ya mishahara na wiki ambayo watu wote wanakopa. Jumanne kwa Jumanne. Na mwaka kwa mwaka nako kuna mtego, maana Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Ukilinganisha mwezi wa tatu na mwezi wa tatu bila kuangalia mfungo uliangukia wapi, utafukuza wafanyakazi bure. Nimefanya dhambi ya kutosha kwa mwaka huu.

Mseto, ndiyo. Sahani tano au sita kwa siku, basi. Lakini nilimwambia Shabani siku tatu aandike kwa meza, si kwa chakula. Mseto anaula Mzee wa barabara ya 12, yule wa kofia, na hawezi kuja peke yake, anakuja na wanawe wanne. Hao wanne hawagusi choroko: samaki wa kupaka wawili, pweza wa nazi, nyama, juisi. Nikiutoa mseto, mzee atahamia pengine, na meza nzima itaondoka imemshika mkono. Maprofesa wa Michigan hawakuwahi kumwona Mzee wa kofia. Nimempa Zuhura hesabu hiyo, akanyamaza, halafu akasema "hilo ni suala la mkusanyo wa oda." Haya, mkusanyo wa oda. Mbwa abaki.

Kinachonikaba sasa ni lile bakuli jeupe. Nikilitoa, wateja wameshazoea mlima. Mama Chanja anasema wataniita mchoyo kabla ya mchana. Nikipandisha wali maharage kuwa 3,000, wanafunzi watakimbia. Nimefikiria nibaki na yote mawili, dogo 2,500 na kubwa 3,000, kila mtu achague mlima wake. Shabani anasema tujaribu wiki mbili tuone mistari itaangukia wapi. Anaongea na mimi mambo ya kazi tu, ila anaongea.

Umeme unakatika katika, namaliza. Unadhani nimpe Shabani daftari lote alishike yeye, mpaka na manunuzi, au atahisi namhonga? Ukimpigia, unaweza kumuuliza juujuu bila kumwambia nimekuandikia? Au ameshakwambia, na wewe ndiyo uliyekuwa ukinisubiri nianze? Goti lako linaendeleaje na baridi hiyo ya Moshi? Shemeji kapata ile kazi ya kiwandani au bado anazungushwa? Utakuja lini, uone Zuhura anavyonigombeza kwa lugha ya kompyuta? Na lile bakuli la kijani, ulilinunua duka gani? Mgandini nimezunguka kote, wana madogo sana na makubwa sana.

Wako,
Mwanaidi