Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: kalavati lizibuliwe kiangazi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Yah: Malipo na ratiba ya kazi za njia za maji barabarani

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia sisi tunaoshika beleshi, sururu na mashine ya kushindilia kwenye barabara kuu za kanda ya kati: Gairo, Bahi hadi Manyoni, Kondoa na Mtera. Kiraka cha lami kila mtu anakiona. Hupigwa picha, huhesabiwa, hulipwa. Kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, likizibuliwa hakuna anayeliona, kwa sababu likifanya kazi yake mvua inapita na barabara inabaki ilivyokuwa. Tunaomba kazi hii ya pili ipewe fedha na muda wake, kwani ndiyo inayopunguza ya kwanza.

Shimo la lami huanzia pembeni na chini. Makorongo yetu hubeba mchanga mwingi, mabua ya mahindi, miiba na chupa za plastiki, na vyote huishia kwenye kalavati. Maji yakikosa njia yanatuama ubavuni mwa tuta la udongo linalobeba barabara na kulilowesha kutoka chini. Juu lami bado ni nzuri, lakini lori lenye shehena likipita, tabaka la msingi lililolowa linabonyea. Inakuja mipasuko midogo midogo kama ngozi ya mamba, maji yanaingilia hapo, kisha vipande vinang'oka. Anayekuja kuziba kiraka juu ya msingi uliolowa atarudi hapo hapo kabla mvua hazijaisha.

Tuseme bomba la kipenyo cha sentimeta 90 lenye urefu wa mita 10 limejaa mchanga hadi nusu. Ndani mna zaidi ya meta za ujazo 3, yaani takribani tani 5 na toroli zaidi ya 50. Greda haliingii humo. Mtu anaingia kwa magoti na beleshi la mpini mfupi, baada ya kumulika kwanza, maana humo hukaa nyoka na nyuki. Tunaanzia mdomo wa kutokea maji na kurudi nyuma kuelekea wa kuingilia. Ukianzia mdomo wa kuingilia, mchanga unausukuma ndani zaidi. Unaotolewa hubebwa mbali. Ukiachwa kwenye ukingo wa mtaro, mvua ya kwanza inaurudisha wote. Bomba la sentimeta 60 mtu hageuki ndani yake, kwa hiyo tunavuta mchanga kwa kamba na ndoo iliyokatwa. Baada ya hapo tunakagua maungio ya bomba, kisha kama maji yamechimba chini ya mdomo wa kutokea, tunapanga mawe.

Kazi hii ikiandikwa kwenye jedwali la bei la mkataba kama "usafi wa kalavati, kwa idadi", lenye toroli 5 na lenye toroli 50 yanalipwa sawa. Matokeo yake ni kukwangua midomo miwili ili ipendeze na kuacha tumbo limejaa. Tunaomba ipimwe kwa meta za ujazo, na mkaguzi amulike bomba kutoka upande mmoja hadi aone mwanga wa upande wa pili kabla ya kusaini.

Mitaro ya kuchepusha maji ina shida nyingine. Inatoa maji pembeni kuelekea shambani, na mkulima aliyepanda uwele au alizeti anaifukia, kwani hataki korongo lichimbike katikati ya shamba lake. Tunamwelewa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, lakini maji hayaishii kwenye mita ya 30. Dawa ni kukaa na mwenyekiti wa kijiji na mwenye shamba kabla ya kuchimba, kuchagua sehemu ambayo ardhi inakubali, na kupanga vizuizi vya mawe ili maji yatoke taratibu. Mazungumzo hayo huchukua siku nzima na hayana mstari hata mmoja kwenye jedwali la bei.

Sasa ratiba. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mkataba ukisainiwa Novemba, kiangazi chote kimepotea na mafundi wanaingia kazini mchanga ukiwa tayari ndani ya maji. Kwa barabara za changarawe ni vibaya zaidi. Wakati mzuri wa kupitisha greda ni Mei na Juni, udongo ukiwa bado na unyevu, mgongo wa barabara unainuka kwa mteremko wa asilimia 4 hadi 6 kuelekea pembeni na rola inashindilia vizuri. Hapo ndipo mwaka wa fedha unapofungwa. Ukisubiri Septemba, kila kilomita inadai maboza ya maji. Bila maji, greda linakwangua vumbi na mawimbi, yaani vijituta vinavyotikisa gari, yanarudi upesi. Tunaomba mikataba ya matengenezo ya kawaida ivuke Juni 30, iwe ya miaka miwili au mitatu, ili greda lisisimame kwa sababu ya kalenda.

Viraka vitaendelea kuwepo, na navyo vifanywe inavyotakiwa: kata pembe nne hadi kwenye lami nzima, kuta ziwe wima, toa udongo wote uliolowa, rudishia msingi kwa matabaka yasiyozidi sentimeta 10 kila moja likishindiliwa, fagia, paka lami nyepesi chini na kwenye kuta, ndipo uweke lami na kushindilia. Eneo la mita 1 kwa mita 1 lenye kina cha sentimeta 5 linakula kilo 115 hadi 120 za mchanganyiko wa lami. Anayemwaga beleshi tatu kwenye shimo lenye maji na kupigapiga kwa mgongo wa beleshi ameitupa tozo ya mafuta aliyolipa mwananchi kwa ajili ya barabara.

Mizani ya kupimia malori nayo isilegezwe. Uharibifu hukua kwa takribani kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili wa magurudumu), kwa hiyo ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12 inaumiza barabara mara mbili.

La mwisho ni uhai wa watu. Gari lililo kwenye kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Koni iliyowekwa mita 20 kutoka kwa kibarua haimpi hata sekunde moja. Alama za tahadhari, washika bendera wawili wenye redio, koni na vizibao vya kuakisi mwanga viwe na bei yao inayojitegemea kwenye mkataba, isiyoruhusiwa kupunguzwa wakati wa zabuni. Vikichanganywa kwenye gharama za jumla, ndivyo vinavyokatwa kwanza ili bei ishuke.

Mheshimiwa, tuko tayari kutembea na wataalamu wako kalavati kwa kalavati, tochi mkononi, mwezi wowote kabla ya Novemba.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mafundi na vibarua wa matengenezo ya barabara,
Dodoma